Istilahi za tiba zinanishinda: niache uuguzi nikakae dukani?

SWALI

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 21, nasoma stashahada ya uuguzi na ukunga, mwaka wa kwanza, katika chuo kimoja Kanda ya Ziwa. Naomba usitaje mkoa wala chuo, huku kwetu watu wanajuana.

Nilisoma shule ya msingi ya kijijini, kisha sekondari ya kata. Kidato cha nne nilipata B ya Kiswahili, C ya Biolojia, D za Kemia na Fizikia, na Kiingereza nacho D. Nilipochaguliwa chuo baba alilia kwa furaha. Aliuza ng'ombe wawili na mpunga wa msimu mzima ili nipate ada, sare na godoro, na tangu siku ile haniiti tena kwa jina langu. Hata sokoni mbele ya watu ananiita "nesi wangu".

Kazi hii niliipenda kwa sababu ya bibi. Ana kisukari. Alikuwa anarudi kutoka hospitali na karatasi ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeweza kuisoma, tunaipeleka kwa mwenye duka la dawa ndiyo atuambie kipi kinamezwa mara ngapi. Nikasema moyoni, katika ukoo huu lazima apatikane mmoja wa kuzisoma hizi karatasi.

Sasa nimefika chuoni na hizo karatasi ndizo zinazonishinda. Mwalimu akiingia anaanza na bradycardia, erythrocyte, cholecystectomy, kurasa kwa kurasa. Nayaandika, usiku nayakariri, asubuhi yamechanganyika yote. Mtu akitamka hypo na hyper harakaharaka, kwangu ni neno moja. Wenzangu waliosoma shule za mchepuo wa Kiingereza wanatamka vizuri na kujibu darasani. Mimi nimejizoesha kukaa nyuma.

Wodini ni tofauti, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa zaidi. Wagonjwa wananipenda. Wapo akina mama wanaosema Kisukuma tu, naitwa mimi kuwasikiliza. Mama mmoja alinieleza kuwa tangu jana yake hakojoi vizuri, vinatoka vijitone. Nikaenda kumwambia sista wa zamu, akashughulikiwa haraka. Kesho yake kwenye raundi daktari akaniuliza mbele ya wenzangu, "Oliguria ni nini?" Nikanyamaza. Mwenzangu alipojibu ndipo nikagundua kuwa ni kile kile nilichokuwa nimekisema mimi kuhusu yule mama. Wengine walicheka. Daktari akasema nesi asiyejua lugha ya tiba ataua mtu. Maneno yale nalala nayo, naamka nayo.

Matokeo ya muhula yametoka. Nimefeli Anatomia na Fiziolojia, na Famakolojia (somo la dawa) pia. Nina sapu, yaani mtihani wa marudio, wiki chache zijazo, na nikifeli tena naweza kudisko, kuondolewa chuo. Baba hajui. Akipiga simu namwambia tunaendelea vizuri.

Ninayekaa naye chumba ananishauri nisihangaike kuelewa, nikariri mitihani ya miaka ya nyuma kwa sababu maswali yanajirudia. Kaka yangu yuko Dar, ana fremu ya vipodozi, anasema niachane na chuo nikamsimamie duka, ndani ya mwaka nitakuwa na mtaji wangu. Shangazi anataka nirudi kijijini niombe uhudumu wa afya ngazi ya jamii, anasema kule hakuna Kiingereza kingi.

Nikibaki naogopa kuua mtu. Nikiondoka naiogopa sura ya baba. Mama, mtu aliyesoma kama nilivyosoma mimi anaweza kweli kuwa nesi, au nakataa tu kukubali ukweli?

Nesi wa Baba, Kanda ya Ziwa

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa kubeba haya peke yako muhula mzima, na hongera kwa kuyaandika kwa uwazi kiasi hiki.

Nikikuelewa vizuri, kuna mambo matatu yamefungwa pamoja. La kwanza ni masomo mawili uliyofeli na mtihani ulio karibu. La pili ni neno la daktari, ambalo umeligeuza kuwa hukumu juu yako. La tatu ni baba. Ukiyatazama yote kwa mkupuo yanakuwa mlima, na kila mtu anayekupenda anakuonyesha njia ya kuukimbia. Mimi naomba tuyatenganishe kwanza.

Naanza na yule mama wa vijitone, kwa sababu umemtaja kama ushahidi wa kushindwa kwako na mimi sioni hivyo. Mgonjwa alisema kwa lugha yake kuwa mkojo umepungua. Wewe ulijua kwamba hilo si jambo la kusubiri raundi, ukalifikisha kwa sista wa zamu. Mkojo kupungua huweza kuwa dalili kwamba figo zinaelemewa, au mwili umeishiwa maji, au damu haizunguki inavyotakiwa. Uliigundua oliguria kabla ya kuulizwa jina lake. Ulichokosa siku ile ni jina. Jina lina umuhimu, na nitakueleza kwa nini, lakini kukosa jina na kukosa akili ya uuguzi ni mambo mawili, nawe umeyafanya kuwa moja.

Sasa hao wenzako wa mchepuo wa Kiingereza. Sikatai kwamba wana nafuu. Wanasoma kitabu bila kusimama kila mstari, na maswali ya mtihani wanayaelewa upesi. Hata hivyo, maneno yanayokutesa si ya Kiingereza kwa asili. Mengi yametokana na Kigiriki na Kilatini, lugha ambazo hakuna aliyelelewa nazo katika darasa lenu. Aliyekulia kwenye Kiingereza hakuwa akiita figo nephros wala ini hepar. Naye alikutana nayo chuoni kama wewe. Tofauti ni kwamba yeye haoni aibu kuyatamka vibaya mara ya kwanza.

Tena una kitu ambacho hujakihesabu: ile B ya Kiswahili. Bila shaka uliwahi kuambiwa ubainishe mofimu za neno kama "hawatampigia". Ukakata: ha- ya ukanushi, wa- ya nafsi, -ta- ya wakati ujao, -m- ya mtendewa, -pig- mzizi, -i- ya kutendea, -a kiishio. Hakuna aliyekukaririsha neno lile zima. Ulijua vipande, ukalifungua. Maneno ya tiba yamejengwa kwa namna hiyo hiyo, nawe umekuwa ukiyameza mazima, ndiyo maana asubuhi yanakuwa yamechanganyika.

Chukua hiyo oliguria. Olig- ni chache, -uria ni mkojo. Ukishakuwa na -uria mkononi, fungua jamaa zake: polyuria, mkojo mwingi, ambao bibi yako anaujua sukari yake ikipanda, anuria, mkojo kukosekana kabisa au karibu kabisa, haematuria, mkojo wenye damu, ambao Usukumani mnaujua kwa watoto wenye kichocho cha mkojo, dysuria, kukojoa kwa maumivu. Sasa chukua haem- ya damu upeleke kwingine, utakutana na haemorrhage, kutokwa damu nyingi. Chukua poly- upate polydipsia, kiu isiyokatika. Mzizi mmoja unakufungulia mlango wa maneno sita ambayo ulidhani hayahusiani. Hata ile cholecystectomy inafunguka: chole- ni nyongo, cyst- ni kifuko, -ectomy ni kukata na kuondoa. Bradycardia: brady- ni polepole, cardi- ni moyo.

Na kila neno linaloishia na -itis, liunganishe na dalili nne ambazo Mrumi Celsus aliziandika takriban miaka 2,000 iliyopita, nasi tunazifundisha hadi leo: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Gastritis, nephritis, meningitis, appendicitis, zote ni habari hiyo hiyo ikitokea tumboni, kwenye figo, kwenye utando wa ubongo na uti wa mgongo, kwenye kidole tumbo. Kiungo kikiwa ndani hutauona wekundu, utabaki na homa na maumivu, lakini angalau unajua unatafuta nini.

Sitaki lakini uondoke hapa ukidhani mizizi inamaliza kila kitu. Malaria lilitoka kwenye Kiitaliano, likimaanisha hewa mbaya, kwa sababu watu waliamini ugonjwa unaletwa na hewa ya mabwawani. Ilikuwa 1897 ndipo daktari Ronald Ross alipokuta vimelea vya malaria ndani ya mbu. Ukilifungua neno hilo utapata imani ya zamani, ugonjwa wenyewe hutaupata. Vilevile yapo yanayofanana hadi yanatisha. Ileum ni sehemu ya utumbo mdogo, ilium ni mfupa wa nyonga. Dysphagia ni shida ya kumeza, dysphasia ni shida ya lugha, kusema au kuelewa. Haya yanataka jicho na mazoezi, na hata wakongwe huyaangalia mara mbili.

Hypo na hyper ndiyo hofu yako kubwa, na una haki ya kuiogopa. Usijaribu kuyatofautisha kwa sikio peke yake. Hypo ni chini, hyper ni juu, na kila unapotamka mojawapo weka namba na hali ya mgonjwa pembeni yake. Ukikabidhi zamu usiseme tu "ana hypoglycaemia". Sema sukari iko chini, 2.8, anatokwa jasho na anatetemeka. Aliyesikia vibaya neno atashikwa na namba, na aliyesikia vibaya namba atashikwa na jasho. Halafu ukipewa agizo kwa mdomo, lirudie kwa sauti mbele ya aliyekupa kabla hujagusa dawa. Huo ni utaratibu wa usalama unaofundishwa duniani kote, wala si dalili ya udhaifu.

Hapo ndipo ninapotaka kulirudia neno la daktari. Kuna ukweli ndani yake: lugha ya tiba ikitumika vibaya mtu huumia. Ila angalia makosa yenyewe hutokeaje. Mwaka 2004 Joint Commission, taasisi ya Marekani inayokagua ubora wa hospitali, ilitoa orodha ya vifupisho ambavyo hospitali zinazokaguliwa nayo hazitakiwi kuvitumia. Kimojawapo ni herufi U iliyoandikwa badala ya yuniti, kipimo cha dozi. Sababu ni kwamba U ikiandikwa kwa mkono husomeka kama sifuri, na insulini 10U ikaonekana kama 100. Aliyeandika alijua maana ya U, na aliyesoma aliijua pia. Walishindwa kwa sababu hakuna aliyesimama kuuliza. Hata OD, ambayo wodini kwetu ni mara moja kwa siku, kwa daktari wa macho inaweza kuwa jicho la kulia.

Kwa hiyo mwanangu, D ya Kiingereza hainitishi. Kinachonitisha ni kule kukaa nyuma. Muuguzi asiyejua neno akauliza, mgonjwa wake yuko salama. Muuguzi asiyejua akanyamaza ili asichekwe, huyo ndiye ninayemhofia, hata kama amesoma shule ya gharama. Jiulize kwa utulivu: tangu uingie chuo, umemwendea mwalimu gani ofisini na daftari lako? Kwenye barua hukutaja hata mmoja. Huenda ulijaribu ukafukuzwa, mimi siwezi kujua, lakini nimeona pengo hilo.

Na kuchekwa kunaumiza. Kumwaibisha mwanafunzi mbele ya wagonjwa na wenzake hakumfundishi kitu zaidi ya kunyamaza, na nasema hivyo kwa madaktari na masista wote wanaosoma hapa.

Tuje kwenye njia ulizoonyeshwa. Ya mwenzako wa chumbani ina nusu ya faida. Mitihani ya nyuma itakuonyesha maswali yanavyoulizwa, na kwa mtu ambaye Kiingereza cha swali kinamchelewesha hilo si dogo. Hatari yake ni kwamba inaweza kukuvusha sapu na kukuacha pale pale ulipo, halafu mwaka wa pili unajenga juu ya msingi ambao haupo. Mbele kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga kabla ya leseni, na baada yake kuna kitanda chenye mtu. Ukiitumia, jaribu kwa kila jibu kulieleza kwa Kiswahili kwa sauti, kama unamweleza bibi. Pale ulimi utakapokwama ndipo pa kusoma.

Uhudumu wa afya ngazi ya jamii usiudharau, na usiuchukulie kama maficho. Ni kazi ya kubisha hodi nyumba kwa nyumba, kuwatambua wajawazito, kufuatilia watoto na wagonjwa wanaokunywa dawa za muda mrefu, na kipaji chako cha kusikiliza kingeng'aa huko. Lakini wahudumu hupendekezwa na jamii zao wenyewe, kwa hiyo kuomba na kupata ni vitu viwili. Uliza kijijini kama nafasi ipo kabla hujafungasha godoro. Uliza pia posho ikoje. Halafu jichunguze: unaitaka kazi hiyo, au unakitaka kile ambacho hakina raundi ya daktari?

La kaka ni la heshima pia, biashara si aibu. Ningemuuliza mambo mawili matatu tu: utalipwa kiasi gani kwa mwezi, huo mtaji wa mwaka unatoka wapi, na duka likiyumba unabaki na nini.

Ipo njia moja hukuitaja. Vyuo huwa na utaratibu wa kuahirisha masomo kwa sababu za msingi, kwa barua, siyo kwa kutoweka. Mwone mratibu wa taaluma au mlezi wa wanafunzi, uombe kusoma kanuni za mitihani zenyewe. "Naweza kudisko" ni maneno ya bwenini. Unahitaji kujua hasa: ukishindwa sapu unarudia somo, unarudia mwaka, au unaondolewa? Na ada inakuwaje? Kuahirisha kuna hatari yake, wengi huondoka wakisema mwaka mmoja na maisha yakawachukua moja kwa moja. Kwa mwingine kumekuwa pumzi iliyomwokoa. Wewe ndiye unayejijua ukiwa nyumbani bila ratiba unakuwaje.

Ukiamua kukaa sapu, wiki zilizobaki hazitoshi kujifunza kamusi nzima, na usijaribu. Panga kwa mifumo ya mwili: siku za mkojo, siku za moyo na damu, siku za tumbo. Kwa kila mfumo andika mizizi yake michache, na chini ya kila neno andika mgonjwa uliyemwona mwenyewe wodini, bila jina lake. Kwa Famakolojia fanya vivyo hivyo na vifupisho vya maagizo: BD mara mbili, TDS mara tatu, QID mara nne, PRN inapohitajika, STAT sasa hivi. Mtafute hata mwenzako mmoja mkubaliane kwamba yeye atakusaidia matamshi, nawe utamsaidia Kisukuma na namna ya kuzungumza na wagonjwa. Usidhani hana anachokihitaji kutoka kwako.

Kuhusu baba, nimelifikiria sana. Unasema unaiogopa sura yake, lakini sura unayoiogopa umeichora wewe, hujaiona. Inawezekana akakasirika. Inawezekana akasema rudi nyumbani, na hilo likakuvuruga katikati ya maandalizi, ndiyo maana sikulazimishi umpigie leo usiku. Pima na upande wa pili. Ada ya muhula ujao inatoka wapi? Kama kuna ng'ombe mwingine anayefikiriwa kuuzwa kwa ajili ya muhula ambao wewe mwenyewe hujui kama utausoma, huyo mzee anafanya uamuzi mzito bila habari aliyostahili kuwa nayo. Ukiona simu ni nzito, pitia kwa shangazi, maana inaonekana yeye anajua jambo hili na baba humsikiliza dada yake, au nenda mwenyewe siku moja ya mapumziko ukae naye. Vyovyote utakavyochagua, mweleze na mpango, usimpelekee matokeo matupu.

Umeniuliza kama mtu aliyesoma kama wewe anaweza kuwa nesi. Wauguzi wengi wa nchi hii wametoka shule kama yako, wako zamu usiku huu. Ila kama wewe unautaka uuguzi kwa gharama yake ya sasa, hilo siwezi kulijibu nikiwa huku. Nenda kwanza kwa mratibu, zungumza na mwalimu mmoja wa Anatomia, kisha niandikie tena unieleze walichosema. Na kama utaamua kuahirisha, usiondoke chuoni bila nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri, na tarehe ya kurudi ikiwa imeandikwa humo.

Mama Mshauri